Seva ya kuvunja iko mezani kwako

Swahiba,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata wiki iliyopita nikaisoma mara mbili. Umesema video umezimaliza zote, amri za Linux unazo kichwani, ls, grep, chmod na ndugu zao, lakini kwenye usaili wakikuuliza kama umewahi kusimamia seva unabaki kutazama dari. Kisha ukamalizia na swali: nani atanipa seva yake nijifunzie?

Hakuna. Nakwambia mapema tusipotezeane muda. Mwenye seva inayofanya kazi hamkabidhi mwanafunzi nywila ya root, akaunti yenye mamlaka yote, na hata mimi yangu nisingekupa, na unajua ninavyokupenda. Ila huihitaji. Laptopu yako hiyo yenye RAM ya GB 8 inabeba mashine pepe tatu (kompyuta za programu ndani ya kompyuta yako) za Debian, aina mojawapo ya Linux, bila kulalamika, kila moja ukiipa GB 1. VirtualBox, programu ya kuziendesha, ni ya bure. Kama laptopu yenyewe tayari ina Linux, tumia KVM iliyomo ndani ya Linux yenyewe, ni nyepesi zaidi.

Sharti langu ni moja tu wakati wa kusakinisha. Utafika mahali Debian inakuuliza unataka programu zipi: ondoa alama zote za mazingira ya dawati (madirisha na aikoni), bakiza seva ya SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali) na zana za kawaida. Mashine ikishawaka, liache dirisha lake nyuma na uiingie kwa ssh kutoka kwenye laptopu, kana kwamba iko bara jingine. Seva haina kipanya, na mkono wako uzoee hivyo tangu siku ya kwanza. Kisha piga snapshoti, picha ya hali ya mashine ilivyo, ili ukiiharibu kabisa urudi nyuma kwa dakika moja.

Halafu anza kuiharibu.

Sikutanii. Ujuzi wangu mwingi niliupata siku mambo yalipokwenda mrama, na siku ninayoikumbuka zaidi ni ya fstab, faili la orodha ya diski ambazo mfumo huzifungua unapowaka. Nilikuwa nimeongeza diski ya pili, nikaandika mstari wake ndani ya /etc/fstab, nikakosea herufi moja ya UUID, namba ya utambulisho wa diski. Nikawasha upya kwa kujiamini. Kwenye skrini kikatokea kinyota chekundu kinachotembea kushoto na kulia, mfumo unaisubiri diski ambayo haipo duniani, ukihesabu sekunde hadi 90. Zilipoisha ukaangukia hali ya dharura. Nikashusha pumzi, angalau nitaingia nirekebishe. Kumbe ndiyo kwanza mkoko unaalika maua: wakati wa kusakinisha niliiacha nywila ya root wazi, na Debian ukifanya hivyo humfunga root na kukuachia sudo peke yake, amri ya kuazima mamlaka ya root. Kwa hiyo hali ya dharura ikanijibu kwamba akaunti ya root imefungwa na mlango haufunguki.

Nilipata njia baada ya saa nzima ya kuhangaika. Unawasha upya, kwenye menyu ya GRUB, programu inayouwasha mfumo, unabonyeza e, unatafuta mstari unaoanza na neno linux, mwisho wake unaongeza init=/bin/bash, kisha Ctrl na x. Unatua ndani kama root bila kuulizwa chochote. Mfumo wa mafaili umefunguliwa kwa kusoma tu, kwa hiyo unaandika mount -o remount,rw / ndipo uguse fstab. Tangu siku hiyo siwashi upya mashine niliyoigusa fstab kabla ya kuipima kwa findmnt --verify na mount -a, na diski isiyo ya lazima naiwekea nofail, ili mfumo uwake hata ikikosekana. (Utakuwa umeona pia kwamba mtu yeyote mwenye kufika kwenye kibodi ya mashine anaweza kupita mlango huohuo. Ndiyo maana vyumba vya seva vina kufuli.)

Sasa, hayo niliyokuandikia utayasahau kesho. Ukiyafanya kwa mikono, kinyota kile hutakisahau. Kwa hiyo leo usiku kosea UUID kwa makusudi, uone.

Zoezi la pili ninalolipenda ni la diski iliyojaa bila sababu. df, amri ya kupima nafasi ya diski, inasema asilimia 100, lakini ukijumlisha mafaili kwa du hesabu haifiki hata nusu. Mara nyingi kuna mtu alifuta faili kubwa la logi (kumbukumbu za matukio) huku programu ikiwa bado imelishika wazi. Jina limetoweka, nafasi haijarudi. lsof +L1 itakuonyesha nani amelishika, ukiianzisha upya huduma hiyo nafasi inarudi palepale. Itengeneze hali hiyo mwenyewe: fungua faili kubwa kwa tail -f kwenye dirisha moja, lifute kwenye jingine, tazama df. Ukimaliza, tengeneza maelfu ya mafaili matupu kwenye diski ndogo mpaka df -i (hesabu ya idadi ya mafaili, si ukubwa wake) ijae huku df ya kawaida ikidai nafasi tele ipo. Mfumo unakataa kuunda hata faili moja jipya.

Ukitaka kuchezea mahali palipoandaliwa, kuna Bandit, mchezo wa tovuti ya OverTheWire. Unaingia kwa ssh kupitia poti ya 2220, na kila ngazi inakupa nywila ya ngazi inayofuata. Inanoa vidole, ila inafundisha amri kuliko usimamizi, usikae huko miezi. SadServers, tovuti nyingine, ni karibu zaidi na kazi yenyewe: unapewa seva halisi iliyoharibika na saa inayokimbia, ama tovuti haifunguki, ama hifadhidata imegoma. Mimi huingia huko hata sasa.

Kuhusu vyeti ulivyoniuliza, sitakuficha upande wangu. LPIC-1 ni mitihani miwili ya maswali kwenye skrini. RHCSA ya Red Hat, kampuni yenye Linux yake, wanakuweka mbele ya mashine ufanye kazi, ikishindwa kuwaka baada ya kuwashwa upya, imekula kwako. Hata kama pesa ya mtihani huna, orodha ya mambo wanayopima iko wazi kwa kila mtu. Ichapishe, sakinisha AlmaLinux au Rocky Linux, za bure zinazofanana na ya Red Hat, pitia kipengele kimoja kila jioni: watumiaji, LVM (mpangilio wa diski unaopanuka), SELinux (sheria za nani aguse nini), fayawoli (ukuta wa kuzuia wageni wa mtandao). LVM usiikimbie. Kupanua diski huku huduma inaendelea kufanya kazi ni jambo utakaloombwa mapema sana.

Baada ya mwezi hivi, kodi seva ndogo kabisa yenye anwani ya wazi kwenye intaneti. Ingia, andika journalctl -u ssh -f (logi ya SSH ikitiririka mbele yako), kisha kaa uangalie. Haipiti muda mrefu utaona wageni wanajaribu kuingia kama root, kama admin, kama test, mmoja baada ya mwingine, usiku kucha. Niliambiwa habari hizo mara nyingi nikazipuuza, nilipoziona kwenye seva yangu nilikaa wima. Hapo utaweka funguo za SSH (jozi ya mafaili yanayochukua nafasi ya nywila) na kuzima nywila bila kuhitaji kushawishiwa na mtu. Ila ukigusa mipangilio ya sshd, programu inayopokea SSH, kwanza ipime kwa sshd -t, na dirisha la kwanza usilifunge mpaka la pili limeingia. Na usiwashe fayawoli ya ufw kabla hujaruhusu poti ya 22. Nimewahi kujifungia nje namna hiyo, aibu yake naijua. Seva usiyoitumia izime na kuifuta kabisa, la sivyo bili itakusubiri mwisho wa mwezi.

Kuna kitu kimoja ambacho maabara ya mezani haikupi: mtu wa kulalamika. Tafuta watu watatu au wanne, ndugu au wenzako wa kikundi fulani, uwawekee kitu wanachokitumia, mahali pa kuhifadhi picha au tovuti ndogo juu ya nginx, programu ya kuhudumia tovuti. Siku watakapokupigia wakisema haifunguki ndipo utajua tofauti ya kucheza na kusimamia. Nakala rudufu piga kwa rsync (ya kunakili mafaili) kupitia cron (ratiba ya kazi), sawa, lakini mara moja kwa mwezi irudishe kwenye mashine tupu uone kama inasimama. Mimi nilikuwa na nakala za miezi minne zilizokuwa saraka tupu, kwa sababu njia ilikosewa kwenye skripti na sikuwahi kufungua kuangalia.

Na daftari. Kila kilichoharibika andika tarehe, ulichoona, ulichodhani, na kilichokuwa. Safu ya "ulichodhani" usiirembe, kwenye usaili watataka kusikia ulivyopapasa kabla ya kufika.

Nimekuwekea zawadi. Nimetengeneza mashine pepe moja ya Debian, nikaivunja mahali patatu: tovuti haifunguki, mtumiaji mmoja haingii kwa ufunguo wake, na kuna kazi ya cron inayokufa kimya kila usiku. Kiungo cha kuipakua nitakutumia Ijumaa. Usinipigie simu kabla hujasoma logi kwa saa nzima, na ukinipigia nitakuuliza kwanza journalctl imesema nini. Ukimaliza, vunja ya kwako unitumie, na usinionee huruma.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Swahiba wako