Barua ya malalamiko: Nyumba mliyoihamisha nikiwa ndani

Langoni,
Lamu.

Kwa Msimamizi wa Huduma kwa Wateja,

Bwana au Bibi,

KUH: GEMU ILIYOBADILIKA BAADA YA KUSASISHWA

Mmesema mteja aandike kwa lugha anayoimudu zaidi. Basi yangu ndiyo hii, mtafuteni wa kuwasomea.

Gemu yenu ya kutisha niliinunua kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, na nimeicheza saa 63. Nazitaja mapema ili tusizungushane: najua Steam hurudisha pesa kama hujapitisha siku 14 tangu ununue wala saa 2 za kucheza. Mimi huko nimeshapita zamani, na sikudai pesa. Gemu niliipenda, ndiyo maana naumia.

Mlituuzia nyumba isiyokwisha, vyumba vikipangwa upya kila safari, sufuria ikichemka bila moto na mpishi hana uso. Kila safari ina namba yake mnayoiita mbegu. Mchezaji akiiandika tena namba ileile, nyumba ileile hurudi. Hapo hapana uchawi. Hapa kompyuta haibahatishi. Huichukua namba moja, ikaikokotoa mpaka zikatoka nyingine zinazoonekana kama za kura. Ukianza na ileile, utapata mfululizo uleule. Kwa hiyo aliyenipa mbegu amenipa ahadi.

Yangu ilikuwa 40719. Nyumba yake ilinikumbusha nyumba ya mawe ya bibi yangu hapa Lamu: unatoka kiwandani, yaani uani, unapita misana, zile kumbi ndefu, unaingia ndani, halafu nyumba kati, chumba cha nyuma kabisa, na kila hatua mwanga unapungua hadi unabaki weupe wa chokaa na zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Nyumba kati ndimo watu walimozaliwa na ndimo maiti walimooshewa. Aliyelelewa humo haambiwi kwa nini chumba cha mwisho kinatisha. Hapo mlipatia, haki yenu nawapa.

Mimi na mpwa wangu tukaichora kwenye daftari la kurasa 96, kalamu nyekundu kwa milango inayofunguka mara moja tu, ya buluu kwa ile inayokurudisha ulikotoka. Siri zenu tulizipata sita. Ya nne ilikuja kwa bahati: Jumamosi moja, niko kwenye chumba chenye saa nyingi za ukutani, mwenye punda akabisha kwamba ameleta saruji. Nikaiacha gemu, nikashuka, tukahesabu mifuko, tukabishana kidogo juu ya mmoja uliopasuka. Niliporudi maji yalikuwa yamepanda hadi magotini na kidaka cha tatu kimefunguka. Kumbe dawa yake ni kutogusa kitu dakika saba! Mpwa wangu alicheka mpaka shangazi yake akapanda kuuliza kuna nini.

Kisha mkaleta toleo jipya. Kompyuta yangu huiacha nje ya mtandao makusudi, lakini siku hiyo nilikuwa nimewasha bando kumchapia mteja fomu. Niliporudi kwenye gemu, ilikuwa imeshajisasisha. Nikafungua safari yangu, nikajikuta gizani. Sisogei mbele wala nyuma. Kinachosikika ni pumzi tu.

Sasa someni hapa kwa makini, maana ndicho kiini cha barua. Sikulalamika. Nilidhani ni siri ya saba. Usiku wa kwanza nilikaa dakika saba bila kugusa kitufe, halafu kumi na nne, halafu saa nzima. Usiku wa pili mpwa wangu akazihesabu zile pumzi, tukaandika, tukatafuta mpangilio. Usiku wa tatu nilivaa spika za masikioni hadi adhana ya alfajiri ikanikuta nimekodolea macho kioo cheusi. Ndipo nikaanza safari mpya kwa mbegu ileile, nikakuta nyumba nyingine kabisa. Mlibadilisha namna ya kuipanga, na safari yangu ya zamani ikaniweka mahali nilipokuwa, ila mahali penyewe sasa pamekuwa ukuta. Usiku tatu naupigania ukuta!

Nilipowaandikia, mlinijibu kwa sentensi mbili: asante kwa maoni, na gemu hii hubadilika kila uichezapo. Jamani, hilo nalijua, ndilo nililolinunua. Mimi si mgeni wa mambo haya. Kwenye Yume Nikki, gemu ya Kijapani iliyotoka 2004, niliwasha na kuzima taa ya chumba cha msichana Poniko hadi kidole kikafa ganzi nikimsubiri Uboa, kiumbe cha kutisha ambaye kila ukiizima taa nafasi ya kutokea kwake ni moja katika 64. Nilisubiri kwa raha, kwa sababu hakuna aliyeigeuza ile 64 katikati ya usiku. Hata Minecraft, gemu ya kujenga, ikibadilishwa mpangilio wa dunia yake, sehemu ulizokwisha kupita hubaki kama ulivyoziacha, mapya yakaanzia mbele. Vichochoro vya Lamu humpoteza mgeni kila siku, lakini kesho yake huvikuta palepale.

Na gemu ya kutisha ina wajibu kuliko nyingine. Ya mpira ikiharibika, mchezaji ataona mpira umezama uwanjani, atajua ni kasoro. Kwenu kila kioja kinaweza kuwa siri, kwa hiyo kasoro yenu tunaitumikia kama watumwa.

Naomba lile toleo la zamani liwekwe kwa anayelitaka; Steam ina sehemu ya kufanyia hivyo kwenye mipangilio ya gemu. Naomba pia kila mbegu iandikwe toleo lake, na mkileta jipya, gemu imwambie mwenye safari ya zamani kabla hajaifungua. Maneno machache ya kawaida yatatosha, msiyatie damu.

Nimeambatisha faili la safari yangu na picha za daftari. Ukurasa wa 31 una doa la chai. Namba iliyofichwa chini yake ni 7.

Wenu mwaminifu,
Mteja wenu wa Langoni