Hiyo si AK

Ndugu Mhariri,

Picha mliyochapa wiki jana, ile ya bunduki zilizorundikwa zikisubiri kuteketezwa, mmeiandikia chini "AK-47". Nyingi ni AK kweli, au SMG kama tulivyozoea kuziita jeshini. Ya tatu kutoka kushoto siyo. Hiyo ni bunduki ya vz. 58 ya Chekoslovakia, na hata magazini, yaani vibebeo vya risasi, haziazimani.

Nilikuwa fundi wa silaha. Tukiwa Mogadishu, bunduki hizi zililetwa mezani kwangu zimechanganyika na AK. Kijana mmoja alipambana na magazini ya AK mpaka jasho likamtoka, haikukaa. Risasi ni ileile, milimita 7.62 kwa 39, kwa hiyo watu hudhani na mengine ni yaleyale.

Ifungue uone. AK ina nyundo inayoinuka kugonga pini inayolipua risasi. Vz. 58 haina nyundo kabisa: kuna chuma kirefu ndani ya bolti (kile kipande kinachoziba nyuma ya mtutu), kinasukumwa mbele moja kwa moja na springi yake chenyewe. Ndiyo maana ukivuta kifuniko kinakuja na springi mbili. Bolti ya AK hujizungusha ili ijifunge. Hii haizunguki, inafungwa na kibao kidogo cha chuma kinachopanda na kushuka chini yake. Pistoni ya gesi nayo imejitenga, inaisukuma bolti mara moja kwa ufupi na kurudi mahali pake. Na risasi zikiisha, bolti inabaki nyuma, askari anajua papo hapo. Mwenye AK atajua akivuta triga na kusikia "ka!"

Mwili wake umechongwa kwenye chuma kizima, lakini bila magazini haifiki kilo 3. Hapo namvulia kofia Jiří Čermák aliyeibuni. Majeshi mengine ya Mkataba wa Warsaw, washirika wa Usovieti, yalichukua Kalashnikov, yaani AK. Wacheki walikubali risasi ya Warusi, bunduki wakatengeneza yao. Kiburi, ndiyo, ila walikuwa na haki nacho: mji wao wa Brno ndio uliotoa bunduki ya rashasha ZB 26, iliyozaa Bren waliyobeba babu zetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kule Burma.

Kasoro inayo. Bolti ikirudi nyuma, juu panabaki wazi kabisa, na mchanga wa pwani ya Somalia haubishi hodi. Nilizisafisha hizo kuliko AK yoyote.

Mpiga picha wenu aangalie ubavu wa kulia. AK ina wenzo mrefu wa usalama; vz. 58 ina kidude kifupi tu karibu na triga. Kitako nacho mara nyingi ni plastiki ya kahawia iliyochanganywa na chembe za mbao, ina madoadoa. Hata kwenye picha yenu yanaonekana.

Fundi Mstaafu,
Walukuba, Jinja