Salim, leo umekunywa vingapi?

Mtambwe, Pemba
9 Shaaban

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Mamako miguu imepungua kuvimba, na Asha karudi skuli. Hali yako siulizi, maana jawabu lako nalijua: "Mzima, baba." Ndilo ulilonipa Ijumaa kwenye simu, na Jumamosi mtoto wa ammi yako akanieleza mengine.

Ananiambia dawa zako za kifafa za asubuhi huzigusi tangu uanze zamu ya usiku hapo hotelini, na za usiku unakunywa kimoja. Usimkasirikie. Nilimuuliza mara tatu ndipo akasema. Mnalala chumba kimoja, na siku ukianguka yeye ndiye atakayekukuta.

Nikakaa nikapiga hesabu. Daktari kakuandikia vidonge vya miligramu 200, viwili asubuhi na viwili usiku. Hiyo ni 800 kwa siku, na wewe unakunywa 200. Robo, Salim. Nani kakupa ruhusa ya robo?

Najua utasema zinakutia usingizi na kichwa kinakuwa kizito, na mgeni akifika saa tisa za usiku anataka kumkuta mtu yuko macho. Sikatai. Kazi yako naiheshimu, na barazani kila mtu keshanisikia nikisema mwanangu yuko Nungwi anazungumza Kiingereza na Kitaliano na wageni. Lakini usingizi huo ulikuwa wa kumpelekea daktari. Yeye anaweza kubadilisha saa za kunywa, au akakupa zile zinazoyeyuka polepole, au akaona dawa hii haikufai akakuhamisha kwenye nyengine kwa utaratibu wake. Wewe unachojua ni kuacha tu. Na zamu yenyewe hukumwambia. Mtu mwenye kifafa akikosa usingizi huwa karibu zaidi na kuanguka, hilo tuliambiwa sote watatu tumekaa mbele yake. Sasa umekosa usingizi na umepunguza dawa kwa pamoja. Huoni?

Au unadhani umepona. Miaka miwili na miezi saba hujaanguka, alhamdulillahi, nami naihesabu kuliko unavyoihesabu wewe. Lakini hiyo miaka miwili na miezi saba umeipata ukinywa dawa. Daktari mwenyewe hajasema utakunywa maisha. Alisema mtu akitimiza miaka miwili bila kuanguka wanaweza kukaa wakatazama kama inafaa kupunguza, na wakipunguza ni kidogo kidogo, kwa miezi, yeye akifuatilia. Njia ya kuacha ipo basi, wala hakuna aliyekufungia. Ungekwenda ukaulizia tungejua.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Na barua hii isome peke yako, usimsomee mamako akija Unguja.

Nusu kidonge mimi naijua. Siku ya kwanza huoni kitu, ya pili huoni kitu, wiki nzima mtoto anacheza, unasema kumbe kidonge kizima kilikuwa kingi. Kovu la mkono wako sina haja ya kukusimulia. Mamako mpaka leo anasema dawa zile za mwanzo hazikuwa na nguvu. Zilikuwa na nguvu. Kopo lilikuwa linakaa kwangu, zahanati dawa zilikuwa zimekwisha, na karafuu za mwaka ule zilinyeshewa juu ya majamvi zikaharibika, zikawa mpeta mtupu. Nikawa nazigawa zilizobaki ili zifike mwisho wa mwezi. Ilikuwa siku ya tisa. Hayo sijapata kumwambia mtu.

Mabati yamefika. Yote ishirini, hakuna lililopinda, na fundi atakuja baada ya Ijumaa kuezeka upande wa jikoni, ambao ndio unaovuja. Mamako kafurahi mno. Mimi nilifurahi mpaka Jumamosi. Sasa kila nikiyatazama pale ukutani yalipoegemezwa najiuliza fedha hizi kijana wa mshahara ule kazitoa wapi. Najua kuna miezi spitali dawa hazipatikani ukaelekezwa duka la dawa. Kama ulikuwa unanyosha pakiti ya mwezi mmoja iwe ya miezi minne ili sisi tupate bati, niambie, na mabati nitayauza kesho kwa bei yoyote. Jikoni pamevuja miaka sita, patavuja wa saba. Usifanye nilichofanya mimi.

Na bahari. Nimesikia asubuhi ukitoka zamu unakwenda kuogelea na wenzako, mnaruka kutoka kwenye boti. Nilikukataza kupanda mkarafuu ukaninunia misimu mitatu mizima, ukaona nakufanya mtoto wa kike mbele ya wenzako. Labda nilisema kwa ukali. Lakini mkarafuu na maji ni jambo moja kwako. Ukianguka chumbani kuna wa kukulaza ubavu. Ukizimia chini ya maji, wenzako watadhani unapiga mbizi. Mpaka daktari akuone na akwambie hali yako, usiingie baharini. Nakuomba, si amri. Hapana, ni amri.

Mwenzako wa chumba nimemwambia na wewe mrudilie: akikuona umeanguka akulaze ubavu, akuwekee kitu laini chini ya kichwa, atazame saa. Asikushike kwa nguvu, asikutie kijiko wala kidole mdomoni, wala asikunusishe kiatu kama walivyokuwa wakifanya hapa. Ikipita dakika tano hujatulia, gari na spitali, asingoje. Kijana yule ni mwoga kidogo lakini ana akili.

Nadhani nalijua jambo jengine linalokuzuia. Unaona haya kuonekana ukiingia lango la spitali ya Kidongo Chekundu, kwa kuwa watu wakisikia jina hilo wanaona wazimu tu. Salim, wewe si mwendawazimu, na aliye pale kwa ajili ya akili yake naye ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, hana la kuonewa haya. Kifafa ni maradhi ya ubongo, kama presha ilivyo ya mishipa. Bibi yako alikuwa na presha, akinywa vidonge mbele ya wageni na kahawa yake mkononi, hakujificha. Kama haya ni kubwa sana, nikija Unguja nitakwenda nawe, nitakaa nje kwenye benchi watu wadhani mgonjwa ni mimi.

Ramadhani ndiyo hiyo inakuja, zimebaki wiki tatu, na hapa ndipo ninapozidi kuogopa. Wewe mtu wa kufunga, tangu mdogo ulikuwa hukubali kula hata mamako akikubembeleza. Nenda kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, umuulize. Akikwambia kunywa wakati wa futari na wakati wa daku, sawa. Akikwambia mwaka huu usifunge, basi usifunge. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara amempa mgonjwa ruhusa ya kutimiza siku nyengine, na asiyeweza kabisa amewekewa njia yake. Mimi si sheikh, lakini nilimuuliza imamu wetu wa msikitini akaniambia hivyo hivyo, na akasema kujidhuru makusudi hakumo katika saumu.

Ukifika kwa daktari mwambie kweli. Usiseme "nilisahau siku mbili tatu". Sema: tangu mwezi fulani nakunywa kimoja kwa siku. Na wala usianze kesho kuvinywa vinne kwa mkupuo ili ufidie. Kuacha umeacha kwa akili yako, kurudi urudi kwa akili yake, kwa sababu dawa hii hata mwanzo walikupa kidogo wakawa wanapandisha wiki baada ya wiki, nawe ukalewa na kuona vitu viwili viwili kwa siku kadhaa ndipo mwili ukazoea. Kwa hiyo nenda upesi, hii wiki hii, usingoje mapumziko yako ya mwisho wa mwezi. Kama meneja atakata siku, niambie ni kiasi gani.

Kwa mkono wa jirani anayepanda boti ya Jumatano mamako kakuletea kikapu. Kuna halua ya Wete, pweza mkavu, na chupa ya samli. Alitaka kukuwekea mabalungi sita ya ule mti wa nyuma, nikayatoa. Hakupenda. Lakini unakumbuka daktari alivyosema, balungi linaizuia dawa yako isivunjwe vizuri mwilini ikajaa kwenye damu kuliko alivyopima. Nimempa mamako sababu hiyo, akasema basi wayale watoto wa jirani. Nimekuwekea machungwa.

Mbuzi yule mweupe kazaa wawili, majike yote. Mmoja ni wako. Karafuu tumemaliza kuanika, bado makonyo, vile vikonyo vyake, nasi tunasubiri siku mbili za jua kavu kabla ya kupeleka kituoni. Asha anauliza kama hoteli yenu inachukua wasichana wa mapokezi, nimemwambia amalize kidato cha nne kwanza.

Mimi si mtu wa kusema haya, lakini nilipokuona ukishuka bandarini Mkoani na begi lako mwaka juzi nilijisikia nimefanya jambo moja sawa duniani. Sitaki kuitwa Unguja usiku kwa simu.

Alhamisi nitakupigia saa kumi na moja jioni, kabla hujaingia zamu. Usinijibu mzima. Nitajie siku uliyopangiwa kumuona daktari, halafu unihesabie vidonge vilivyobaki kwenye pakiti, nisikie ukihesabu.

Kikapu kifuate mwenyewe bandarini Malindi, usimtume mtu, chupa ya samli kifuniko chake hakikazi.

Ni mimi babako.