Marufuku ya chang'aa haimgusi anayetia methanoli

Mhariri,

Kila kijiji kinapozika watu waliokunywa pombe yenye sumu, wito huwa uleule: pombe za kienyeji zipigwe marufuku nchi nzima. Wengi wanaotoa wito huo ni kina mama ambao ulevi umewavunjia nyumba, na hasira yao tunaiheshimu. Lakini sisi tunaoshughulika na dawa na kemia tunawaomba waangalie kwanza ni nini hasa kilichoua.

Kenya ilishapiga marufuku hiyo. Sheria ya 1980, enzi za Rais Moi, iliharamisha chang'aa, pombe kali ya kienyeji inayokenekwa, na kudumu miaka 30. Ilikuwa ingali na nguvu zake zote Novemba 2000, wakati zaidi ya watu 130 walipokufa katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, Nairobi, na wengine kupofuka, kwa sababu ya "kumi kumi", pombe iliyoitwa hivyo kwa kuwa glasi yake ilikuwa shilingi kumi. Ilikuwa imetiwa methanoli, alkoholi ya viwandani iliyo sumu.

Hapo ndipo penye kutoelewana. Watu hudhani sumu hutokana na mpishi mchafu au mzembe. Mahindi, mtama na molasi vikichachushwa hutoa methanoli kidogo mno. Ile inayoua kijiji kizima hutoka madukani na viwandani, ambako hutumika kuyeyushia rangi na vanishi. Muuzaji wa pombe huitia kwa sababu ni rahisi, inaongeza ukali, na haimlazimu kungoja siku za kuchachusha. Ulimi na pua havitaitambua. Kuiwasha kwa kiberiti hakusaidii pia, kwa kuwa methanoli na pombe ya kawaida zote zinawaka.

Mililita 10 za methanoli safi zaweza kumpofusha mtu, na 30 zaweza kumuua. Ini huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoharibu neva za macho. Kazi hiyo huchukua muda. Mnywaji hulala kama kawaida, kisha baada ya saa 12 hadi 24 anaanza kuona ukungu mweupe, tumbo linamkata, anahema mbiombio. Wa nyumbani wakidhani ni uchovu wa pombe wakamwacha alale, wanampoteza. Akifikishwa hospitalini mapema, hupewa dawa iitwayo fomepizoli, au ikikosekana, ethanoli safi (ile alkoholi ya pombe ya kawaida) kwa kipimo cha daktari ili kulizuia ini lisitengeneze sumu, na damu husafishwa kwa mashine.

Marufuku yenyewe huvuta watu kuelekea pombe kali. Busaa, pombe ya nafaka isiyokenekwa, ni nyepesi, inajaza madramu na huharibika baada ya siku chache, kwa hiyo haifichiki. Chang'aa ya jerikeni moja ya lita 20 inafichika chini ya kitanda, na inalevya watu wengi. Msako ukizidi, anayebaki sokoni ni mwenye kitu kidogo na kikali kupita vyote. Marekani ilipopiga marufuku pombe kuanzia Januari 17, 1920, unywaji ulipungua kweli katika miaka ya mwanzo, na vifo vya ugonjwa wa ini vikashuka. Hilo lisifichwe. Lakini bia ilizipisha wiski na jini za magendo. Serikali ikaamuru spiriti za viwandani zitiwe methanoli zaidi ili zisinyweke, wahalifu wakaziuza hivyo hivyo, na watu wakafa. Daktari Charles Norris, mkuu wa uchunguzi wa vifo wa jiji la New York, alilipinga jambo hilo hadharani. Marufuku ilifutwa Desemba 5, 1933.

Kwetu, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, iliyosukumwa bungeni na mbunge John Mututho, iliifuta ile ya 1980. Lakini chang'aa halali ilitakiwa iwe ndani ya chupa ya kioo isiyopungua mililita 250, yenye onyo, leseni na viwango vya ubora. Mama anayepika kwa dramu mbili katika mabanda ya Mathare, Nairobi, hawezi kumudu hayo, kwa hiyo kwake marufuku haikuondoka. Mei 2014 wakafa zaidi ya watu 80 katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kitui na Kiambu. Februari 2024 wakafa 17 Kirinyaga, na serikali yenyewe ikaeleza kuwa pombe hiyo ilitoka katika ghala la vielelezo vya polisi. Ilikuwa imeshakamatwa, ikarudi sokoni!

Tunachoomba ni hiki. Methanoli iuzwe kwa leseni, kila dramu iwe na namba, na daftari la muuzaji lionyeshe nani alinunua lita ngapi na kwa kazi gani. Isipokuwa ile ya maabara, itiwe rangi na kitu kichungu kabla haijatoka kwa mwagizaji. Pombe ikikamatwa, mahakama ibaki na sampuli na iliyobaki iharibiwe mbele ya mashahidi. Na kila hospitali ya rufaa ya kaunti iwe na fomepizoli au ethanoli ya tiba tayari kabatini, pamoja na maelekezo ya kipimo yaliyobandikwa ukutani, kwa sababu wagonjwa hawa huja wengi kwa usiku mmoja.

Wafamasia wawili,
Nakuru