Anayekwenda Gion asubiri jioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu sherehe ya Gion ya mjini Kyoto, Japani. Kila Julai ikifika, sherehe hii husimuliwa kwa Kiswahili kana kwamba ni gwaride la mikokoteni mikubwa iliyopambwa, linaloanza asubuhi na kwisha mchana. Wanafunzi wetu walioko Japani na wasafiri wanaokwenda kutembea hufuata maelezo hayo. Wanapiga picha za mikokoteni, jua likiwazidi wanarudi hotelini, na saa 12 jioni, mungu wa hekalu la Yasaka anapotoka kubebwa mabegani mwa waumini wake, wao hawapo.

Hii ni ibada ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, na jambo lenyewe liko jioni. Mwaka 869, maradhi ya kuambukiza yalipokuwa yakiua watu, ilisimamishwa mikuki 66, mmoja kwa kila jimbo la Japani ya wakati ule, na mungu akapelekwa kwenye bustani ya Shinsen-en kuomba tauni iondoke. Mikokoteni ya leo, inayoitwa yama na hoko, asili yake ni mikuki ile. Kazi yake ni kutangulia mitaani na kuvuta pepo wa maradhi kwa ngoma, filimbi, upatu na mapambo, ili njia iwe safi mungu atakapopita. Ndiyo sababu mikokoteni ikirudi mtaani kwake hufumuliwa palepale. Haiachwi imesimama na uchafu iliyoukusanya.

Sherehe huchukua Julai nzima. Maandamano ya kwanza ni tarehe 17, mikokoteni 23. Ya pili ni tarehe 24, mikokoteni 11. Kuanzia 1966 yaliunganishwa yakawa ya siku moja, na yalitenganishwa tena 2014. Mwandishi anayetaja tarehe 17 peke yake anamnyima msomaji nusu ya sherehe.

Sidharau asubuhi. Hoko kubwa hufika uzito wa karibu tani 12, na kutoka ardhini hadi ncha ya mlingoti ni karibu mita 25. Huundwa kwa siku chache kabla ya maandamano bila msumari katika kiunzi chake, viungo vikifungwa kwa kamba za majani ya mpunga. Kamba huacha kiunzi kijipinde kidogo mkokoteni unapoyumba. Kingepigwa misumari, mbao zingepasuka. Juu ya paa hukaa mafundi wa kuukinga usigonge nguzo na nyaya za umeme. Ubavuni yamo mazulia na vitambaa vya kigeni vya karne nyingi. Kitambaa cha mbele cha hoko ya Kanko kilifumwa Ulaya katika karne ya 16, kikionyesha kisa kutoka kitabu cha Mwanzo, na siku hizi hutumika nakala ili cha asili kisiharibike.

Mahali pa kusimama ni makutano ya Shijo na Kawaramachi, kwa sababu hapo mkokoteni hukata kona. Magurudumu yake, yenye kimo cha karibu mita 2, yamefungwa kwenye ekseli isiyogeuka. Katika njia iliyonyooka mafundi hurekebisha mwelekeo kwa kabari, lakini kwa nyuzi 90 kabari haitoshi. Hutandika mianzi mibichi iliyopasuliwa mbele ya magurudumu ya mbele, humwaga maji, kisha kamba huhamishiwa ubavuni. Waongozaji wanne waliosimama mbele wakiinua vipepeo vya kujipepea, wavutaji hukaza kwa pamoja na tani zote zile huteleza juu ya mianzi. Kwa kawaida kona huhitaji mivuto mitatu hivi. Mianzi ikikosa maji au wavutaji wakipishana, mkokoteni hukwama katikati, na kazi huanza upya.

Maandamano ya tarehe 17 huanza saa 3 asubuhi kwenye makutano ya Shijo na Karasuma. Hoko ya Naginata hutangulia daima, nayo ndiyo hoko pekee inayobeba mtoto hai. Baadhi ya nyingine hubeba mwanasesere. Mtoto huyo hukata kwa upanga kamba takatifu iliyokingamishwa barabarani, na kuanzia tarehe 13 miguu yake haikanyagi ardhi hadharani: hubebwa begani. Asijaribu mtu kumgusa wala kumwita ageuke apigwe picha.

Sasa jioni ya tarehe 17. Mikoshi ni kijumba cha mungu kilichopambwa kwa dhahabu na kubebwa kwa miti mirefu. Yasaka ina mikoshi tatu: ya Susanoo, ya mkewe Kushinadahime na ya watoto wao wanane. Kila moja ina uzito wa karibu tani 2. Saa 12 hukusanyika chini ya ngazi za mawe za lango la magharibi, na wabebaji, mamia kwa mamia, huziinua juu ya vichwa na kuzizungusha wakiitikiana "hoitto, hoitto". Kisha kila mikoshi hushika njia yake, na usiku zote hufika Otabisho, nyumba ya mapumziko iliyoko mtaa wa Shijo, zikakaa humo hadi tarehe 24. Anayetaka kuona vizuri bila kusongwa ngazini asimame mtaa wa Shijo upande wa mashariki wa daraja la mto Kamo, au asubiri Otabisho. Ninachosisitiza ni usalama: wabebaji huinamisha vichwa, hawaoni mbele, na mzigo wa tani 2 hausimami ghafla. Mtu akiruka kamba ya polisi ili apate picha, ncha ya mti humpiga yeye au mbebaji hukwepa na kuangusha wenzake. Pia si adabu kuitazama mikoshi kutoka ghorofani au juu ya daraja la waendao kwa miguu, kwa maana unamtazama mungu kutoka juu.

Wasomaji Waislamu na Wakristo huuliza kama kuhudhuria ni kuabudu. Kusimama barabarani kwa heshima hakumlazimishi mtu chochote, na hakuna anayemdai mgeni asujudu. Anayeingia hekaluni lakini afuate utaratibu wa pale. Langoni apite pembeni, kwa kuwa katikati ni njia ya mungu. Kwenye birika la maji achote kata moja tu: aoshe mkono wa kushoto, kisha wa kulia, amimine maji kidogo katika kiganja cha kushoto asukutue, aoshe tena mkono wa kushoto, halafu asimamishe kata ili maji yaliyobaki yateremke kwenye mpini. Kata haiguswi kwa mdomo, na maji ya kusukutua hayatemwi ndani ya birika. Wanaosali huinama mara mbili, hupiga makofi mawili na kuinama mara moja. Asiyesali asiigize makofi hayo kwa ajili ya video. Hilo linawaumiza watu kuliko kutokuingia kabisa.

Chimaki, fungu la majani linalotolewa kwenye mikokoteni kabla ya maandamano, si chakula. Huning'inizwa juu ya mlango mwaka mzima kuzuia maradhi, kisha hurudishwa. Baadhi ya hoko hupandisha wageni, viatu vikivuliwa. Ile ya Naginata haipandishi wanawake. Anayevaa yukata, kimono nyepesi ya kiangazi, ahakikishe upande wa kushoto unakaa juu ya wa kulia, kwani kinyume chake ni mavazi ya maiti. Asiyekula nguruwe ajue kwamba yakisoba (tambi za kukaanga) na okonomiyaki (chapati za kabichi) za vibandani mara nyingi huwa na nyama hiyo. Mapipa ya taka ni machache mno, hivyo kila mtu abebe mfuko wake.

Suala la kugeuza ibada kuwa maonyesho linawauma wenyeji pia. Mwaka 2023 viti vya kifahari vya kutazamia maandamano viliuzwa hadi yeni 400,000, na mwaka uliofuata mkuu wa makuhani wa Yasaka alipinga hadharani watu kunyweshwa pombe katika viti hivyo. Namuunga mkono kabisa. Mwaka 2020, maandamano ya mikokoteni yalipofutwa kwa ajili ya korona, makuhani hawakuacha wajibu: roho ya mungu iliwekwa katika matawi ya mti wa sakaki, ikapandishwa juu ya farasi mweupe na kupitishwa mitaani. Kati ya mikokoteni na mungu, walijua kipi hakiwezi kuachwa.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, makala za mwakani zitaje na saa za mikoshi. Mwenye siku moja tu namshauri achague tarehe 24. Maandamano huondoka saa 3 na nusu asubuhi kwenye makutano ya Karasuma na Oike, hakuna vibanda vya vyakula vya kujaza njia, na msongamano ni mdogo. Adhuhuri apumzike ndani, maana joto la Kyoto hupita nyuzi 35 na kila mwaka watu huzimia. Abebe maji na kofia, asifungue mwavuli katikati ya umati. Jioni mikoshi hutoka Otabisho, huzunguka mitaani na kuingia Yasaka usiku sana, ambapo taa huzimwa wakati roho zikirudishwa ndani. Aangalie mapema saa ya treni ya mwisho.

Msomaji wenu,
Kyoto, Japani