Malalamiko kuhusu safari ya siku moja Alappuzha na Kochi, naomba nirudishiwe sehemu ya hela

Habari za kazi meneja,

Mimi ni mteja wenu, nililipia pale ofisini kwenu Mwanjelwa kabla hatujampeleka mama India kutibiwa, ile pakeji ya asubuhi hausiboti Alappuzha afu mchana kutembezwa mji wa Kochi. Mama anaendelea vizuri tunamshukuru Mungu, ila safari yenu hapana kwakweli, na kila nikipiga simu dada wa mapokezi ananiambia meneja yuko Iringa, ndo maana naandika.

Kubwa ni siku. Nyie ndo mlichagua Ijumaa, mi nilisema hata Alhamisi sawa tu maana mdogo wangu alikuwa anabaki na mama wodini. Sasa karatasi yenu inasema tutaingia Jumba la Mattancherry na sinagogi ya Paradesi, ile iliyojengwa 1568. Tumefika jumba limefungwa, mlinzi anatushangaa, anasema Ijumaa huwa hawafungui, sio hiyo tu, Ijumaa zote! Kukimbilia sinagogi nayo imeshafungwa, Ijumaa mchana wanajiandaa na Sabato yao. Mtu anauza safari ya mahali hajui siku gani pamefungwa, ni kazi gani hiyo jamani? Na viingilio mlishachukua.

Hausiboti yenyewe siwaonei, ni nzuri. Yale ni maboti yaliyokuwa yanabeba mchele zamani, mbao zimefungwa kwa kamba za makumbi bila msumari kama mitepe ya Lamu, juu wamejengea vyumba, na ukiwa huko Kuttanad mashamba ya mpunga yako chini kuliko maji unayopita, unayaangalia kwa chini kabisa, mtu wa Kyela angegoma kushuka. Ila mliandika masaa manne tukapata mawili, kwasababu dereva wenu alikuja saa nne badala ya saa moja, na Kochi mpaka Alappuzha ni kama kilomita 50, haifiki hata Mbeya Tukuyu. Samaki wa karimeen mliosema yumo kwenye pakeji tukalipishwa pembeni, tena wali wake ule mwekundu punje nene, sio mbaya ila mi nimezoea wa Kyela.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba muda wa duka la viungo ulikuwepo. Dereva katuweka pale weee, iliki, pilipili manga, anatusukuma tununue, kamisheni yake hiyo sisi inatuhusu nini? Afu kanisa la Mtakatifu Francis, alipozikwa Vasco da Gama 1524 kabla mifupa haijapelekwa Ureno, tukalionea dirishani gari likiwa linatembea. Huyo mtu tumemsoma toka shule ya msingi, alivyopita Malindi 1498 akapata nahodha wa kumfikisha India, nilitaka niingie hata dakika kumi tu. Nyavu za Kichina, yale manyavu makubwa ya kuvulia samaki, tumeziona, ndo hizo tu.

Sidai yote. Nataka viingilio vya jumba na sinagogi, nusu ya hela ya boti, na ya samaki, risiti nimeambatanisha. Na hiyo karatasi muirekebishe, kuna familia nyingine ya hapa Soweto, Mbeya, inasafiri na mgonjwa na nyie mmeshaipangia Ijumaa vilevile. Tumeni kwenye namba ileile niliyolipia ndani ya wiki mbili, la sivyo napeleka Tume ya Ushindani.

Mteja wenu, Mbeya