Kafuta jina langu, sauti ya baba kaiacha

Shikamoo shangazi. Naandika sijalala, kwa hiyo ukiona narukaruka nivumilie.

Shida ni huyu mtoto wa dada. Kafuta jina langu kwenye gemu nililotengeneza mwenyewe. Lishike hilo kwanza, maana kila nikiwaeleza wa nyumbani wananipeleka kwingine, mara gemu ni la nini, mara lina hela gani. Halina hela. Sidai hela mimi.

Unazijua stationari zetu za huku Mwanga, Kigoma. Asubuhi kopi za vyeti na picha za pasipoti, halafu inaingia ile saa ya mchana hata nzi hapiti, unabaki wewe na feni. Wenzangu saa hiyo wanacheza karata za kwenye kompyuta. Mimi nilijifunza kutengeneza gemu. Sikumwacha mteja amesimama hata siku moja, na bando nilinunua kwa hela yangu. Godot, programu ninayotengenezea gemu, yenyewe ni nyepesi, kilichonimaliza ni yale mafaili ya kutolea APK, yaani faili la kuingiza gemu kwenye simu, yanakaribia GB nzima. Mume wangu anajua hilo, ndiyo maana alinuna wiki ile.

Gemu ni la dagaa. Unatoka na mtumbwi usiku, unawasha karabai, dagaa wanafuata mwanga, unavuta wavu kabla mafuta hayajaisha. Kadiri mafuta yanavyopungua, duara la mwanga nalo linasinyaa, na dagaa aliye nje ya duara haji. Duara hilo lilinitesa. Mwanzoni dagaa walikuwa wakifika kwenye taa wanagandana wote kwenye nukta moja kama uji ulioshika sufuria. Nikampa kila mmoja umbali wake wa kukaa na taa, tena tofauti kidogo na wa mwenzake, ndipo wakaanza kuzunguka kama wanavyozunguka ziwani. Kisha nikaweka mwezi. Ukifika usiku wa mwezi mpevu ziwa zima linang'aa, taa yako haina kazi, na ukilazimisha kutoka unarudi na deni la mafuta. Vijana wa Dar niliowatumia walisema gemu limeharibika. Halijaharibika, ndiyo Tanganyika hiyo. Mtu wa Kibirizi, kwa wavuvi wetu, hakuuliza.

Na sauti ni ya baba. Nilimrekodi uani kwake nikamdanganya ni ya kuwekea mlio wa simu. Kila usiku ukianza anasema, "Haya, washeni!" Mwezi ukijaa anasema, "Mwezi huo, kalaleni." Basi. Mzee kavua miaka yake yote, maneno yake ndiyo hayo.

Jina langu lilikuwa kwenye kona ya chini, maandishi madogo, hata miwani inahitajika. Hilo dogo ndilo alilolifuta, akaweka lake, kubwa, katikati, la rangi ya chungwa.

Kijana huyu kamaliza kidato cha nne, dada akamleta kwangu asikae kijiweni. Nilimfundisha mwenyewe. GDScript, lugha ya kuandikia maagizo ya gemu humo kwenye Godot, ukikosea kusogeza mstari ndani inagoma, na yeye alikuwa anakosea kila mstari, mimi nakaa naye hadi mlinzi anagonga mlango. Nikampa folda nzima kwenye flashi aifungue, aivunje, aone kila kitu kinafanyaje kazi. Usiniambie nilikosea kumpa. Mimi nilijifunza kwa vya watu. Maji na mawimbi nimechukua picha za Kenney, mchoraji wa picha za gemu mtandaoni, anazitoa bila kudai hata kutajwa, na bado nilimtaja. Hao vijana wanaokuja dukani Jumamosi nawafundisha bure vilevile, na siwatozi hata umeme.

Nilijuaje? Wateja. Mmoja ananiuliza mbona gemu la mwanenu linagoma kuingia kwenye simu, limeandika programu haijasakinishwa. Nikaelewa palepale. Gemu likishatiwa sahihi ya ufunguo wangu, APK yenye kitambulisho kilekile lakini sahihi nyingine simu inaikataa, na ufunguo sikumpa, nilimpa folda tu. Kabla sijafungua mdomo yule mteja akamalizia: "Lakini nimeshapata dawa, nimefuta lile la zamani." Lile la zamani, shangazi! Ndilo langu.

Hapo bado nilijikaza. Kilichonimaliza ni Jumapili, kwa baba. Nakuta amekaa na majirani, simu ya mjukuu mkononi, wanamchezesha, kila "Haya, washeni!" wanacheka mpaka wanapiga mapaja. Mzee ananiambia, "Njoo uone, mjukuu wangu kanitia kwenye simu. Nyinyi niliwasomesha, nani kanifanyia hivi?" Na kijana yupo pale, ananiangalia, halafu anaangalia chini. Hakusema neno. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Nilipombana nyumbani akanijibu kwa adabu zote, na adabu ndiyo iliyoniuma: "Mama mdogo, si ulisema vitu hivi ni vya bure? Na si ulisema watu wasijue ni wewe?"

Kweli nilisema. Sikutaka ijulikane, mimi mama wa watu, nimeajiriwa, wasije wakasema nachezea kompyuta ya bosi. Na baba sikumwambia kwa sababu namjua, gemu kwake ni uvivu. Alikuwa akituchapa kwa kucheza bao tu, sembuse hili. Lakini kunyamaza ni kwangu, kufuta ni kwake. Hiyo Godot anayoitumia bure, Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina waliifungua kwa kila mtu mwaka 2014, leseni ya MIT inakuruhusu kutumia, kubadili, hata kuuza, sharti ile notisi yao ya hakimiliki uibakize. Majina yao yapo mpaka leo. Nilimwonyesha kwa kidole. Akasema, "Lakini lako halikuwa na leseni." Umesikia? Ndivyo nilivyomfundisha, sasa ananisomea sheria.

Dada ndiyo usiseme. "Sauti si ya babu yake pia? Mama mdogo ni mama, na mama hashindanii jina na mtoto." Wifi naye kadakia. Mume wangu anasema yaishe. Yaishe vipi wakati jina langu halipo?

Sijamchukia. Juzi nilitaka kumrudisha kwa mama yake na begi lake, jana nimempikia mgebuka kwa sababu anaupenda. Kwa hiyo usinishauri nimfukuze. Usinishauri nisamehe pia, nimeshaambiwa na kila mtu. Na kusema kweli kuna kitu kaongeza, hali ya hewa, upepo ukija taa inayumba na duara linayumba nalo. Ni kizuri. Mimi sikukifikiria. Nacho kinaniudhi.

Kuna gemu la pili nimeanza, la treni ya reli ya kati, unapanga mizigo kwenye behewa kutoka Kigoma, kila stesheni kuna anayeshuka na anayepanda. Ameliona. Anataka tuingie nalo kwenye shindano la wikiendi la itch.io, ule mtandao watu wanakoweka gemu zao, yeye na mimi, na ameniomba folda. Anasema safari hii tutaandika majina yote mawili. Nimpe? Au nikimpa ndiyo nimekubali kuwa la kwanza ni lake? Na wale wa Jumamosi niendelee kuwapa mafaili, au niwafundishe kwa maneno tu? Hilo la pili linanishinda kwa sababu kwa maneno tu hakuna anayejifunza, hata mimi nisingejifunza.

Na baba, shangazi. Nikimwambia, namvunjia furaha na mjukuu anaonekana mwongo mbele ya majirani walewale. Nisipomwambia, kila Jumapili nitakaa pale nikimsikia akiniuliza nani kamfanyia hivi. Nilishafikiria kumchezea la kwangu, lenye ile kona ya chini, aone mwenyewe bila mimi kusema. Lakini herufi zile mzee hazioni, na kuzikuza nitaonekana nashindana na mtoto.

Kijana anakuja na flashi Jumamosi, ukiweza jibu kabla ya hapo. Jina langu usilitoe, na ukitaja stationari usiseme ni ya Mwanga, wifi anasoma ukurasa wako kila wiki.